Nilisema bia inashinda nyama

Leo mama mkwe kanipa bia, na sijawahi kuona aibu kama hii.

Sikieni.

Mchana nilikuwa grosari hapa Bugarama, nakunywa bia na kubishana na washkaji. Nikasema kwa sauti: "Nyama ina nini? Bia ni shayiri, nafaka tupu! Chupa moja tu umeshiba, na damu inaongezeka!"

Wakacheka. Nikazidisha sauti.

Sasa ile grosari imepakana na bucha. Na pale bucha alikuwa amesimama mama mkwe, aliyekuja jana kutoka Samuye kumwangalia mke wangu.

Mke wangu ananyonyesha mapacha, jamani. Na tangu ajifungue, mimi nyumbani napeleka dagaa tu.

Nikarudi jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Kulwa. Karibu chakula."

Mke wangu akawekewa bakuli la nyama, limejaa mchuzi. Mimi nikawekewa sahani tupu, na katikati yake chupa ya bia.

"Nimesikia nyama haina kitu, baba," mama mkwe akasema kwa upole kabisa, wala hakutabasamu. "Nimekuletea chakula chako."

Nilitaka kujitetea. Nikamtazama mke wangu anisaidie.

Hata hakuinua macho. Alikuwa anakula tu, haraka haraka, kama mtu aliyeingoja ile nyama siku nyingi.

Bia bado ipo kwenye sahani. Ubaridi umeshaisha, sijaifungua.

Nishaurini: naanza kumwomba radhi nani, mama mkwe au mke wangu?

Wa grosari msijibu.