Shanga ya Bi Sitara

Kasmir, karani wa reli, alirudi kutoka kazini mchana wa Jumamosi, gazeti kalishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Hakusalimu. Alilitandaza juu ya meza, akaweka kidole mahali, akaenda zake uani kunawa miguu.

Candida, mkewe, akasoma akiwa amesimama. Ilikuwa habari fupi tu, imebanwa kati ya bei ya kopra na tangazo la dawa ya tumbo. *Wanawake sitini waliingia kupiga kura, shanga zikatoka sitini na tisa. Hizo tisa ziliingia kwa miguu yao? Aulizwe mhesabu, mke wa karani mmoja wa Mtaa wa Mchikichi.*

Alisoma mara ya pili. Jasho likamtoka kwenye viganja mpaka wino ukamshika vidoleni.

"Tisa," Kasmir alisema kutoka uani. "Ni kweli?"

"Nane zina wenyewe."

Kasmir akaacha kumimina maji. "Nilikuuliza tisa, mama Leo."

Candida alitoka Kilimanjaro na mumewe mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka. Pale Kariakoo hakuwa na shangazi wala mama mdogo. Leodegar, mwanawe wa kwanza, alipofariki kwa homa, alidhani atamzika yeye na Kasmir wawili tu. Saa ile ile waliingia wanawake wenye mabuibui asiowajua hata majina, wakatandika majamvi, wakabandika chungu, wakakaa naye siku tatu. Mtoto alizikwa kwa sala za padri, nao Waislamu wakasimama nje ya uzio wa makaburi mpaka mwisho. Hicho ndicho kilikuwa Chama cha Kusitiriana. Siku ya nne Candida aliomba kuingia, wakampokea. Walipojua amesoma misheni wakampa na kazi: kila Jumamosi alasiri kuwasomea gazeti barazani kwa Bi Mauza, maana katika wanachama wote hakuna mwingine aliyejua kusoma herufi zile za Kizungu. Miaka minne aliwasomea bila kuruka mstari. Hata kesi ya kaka yake Azza, mwenzao chamani, aliisoma yote, Azza mwenyewe kakaa mbele yake.

Sasa kura ile ilitokeaje? Chama kilikuwa na sanduku la sanda, marashi na majamvi, na ufunguo wake ulishikwa na mwanamke mmoja. Yule mzee aliyeushika alipofariki, pande mbili zikavutana. Wapo waliomtaka Bi Mauza, mjane mwenye duka la nguo Mchafukoge. Wengine walimtaka Zeina, kijana zaidi, mwepesi wa kufika kwenye msiba. Candida ndiye aliyewaambia kwamba kwao wakulima wa kahawa huchagua viongozi kwa kutia punje kwenye debe. Wakaipenda. Wakanunua shanga za buluu za namna moja, kila mwanachama akapewa moja. Mitungi miwili ikawekwa chumba cha ndani, wenye kitambaa chekundu wa Mauza, wenye cheupe wa Zeina. Unaingia peke yako, unatia, unatoka. Kuhesabu akapewa Candida.

Lakini jamani, mwanamke aliyefiwa na mume yuko ndani kwenye eda, atatokaje? Na mzazi aliyejifungua juzi, hajatimiza siku arobaini? Msibani mtu asiyeweza kufika hutuma mkono wake kwa jirani, na mkono huo haukataliwi. Basi wakakubaliana, na shanga nayo itumwe. Zikatumwa nane: wajane watatu, wazazi wanne, na mmoja aliyevunjika mguu. Aliyeandika gazetini hakuyajua hayo kwa sababu hakuuliza. Alikuwa Sadalla, karani wa ghala la kopra, shemeji yake Zeina. Alisimama ng'ambo ya mtaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani, penseli sikioni, akihesabu mabuibui yanayoingia.

Ile ya tisa Candida aliitia kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyotangulia, jioni ya Alhamisi, alikwenda kumtazama Bi Sitara, ambaye alikuwa mgonjwa wa kifua, amebaki macho na mifupa. Bibi huyo alifungua pindo la kanga kwa meno, akampa shanga. "Mtilie Mauza," alisema, pumzi zikimkatika. "Usipomtilia, mwanangu, mimi na wewe tutaonana."

Alfajiri ya Ijumaa kilio kikasikika nyumbani kwa bibi huyo. Watu walipotaka sanda, Mauza na Zeina wakagombea nani afungue sanduku, maiti kalala anangoja. Aibu ile ikawakaa. Walipotoka kuzika wakasema kura ipigwe leo leo, isingoje. Azza, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaangalia wanaoingia, akauliza, "Shanga ya marehemu iko wapi?" Candida alikuwa nayo kiganjani. Akamtazama Azza machoni, akafumba vidole.

Kwao mlimani neno la mtu anayekata roho halivukwi. Bibi yake alimwonyesha nyumba zilizofungwa milango kwa sababu ya neno kama hilo, watoto wakaisha mmoja mmoja. Candida tayari alikuwa amezika mmoja. Tumboni alikuwa na mwingine wa miezi mitano. Akaingia chumbani, akatia shanga yake, akatia na ya Bi Sitara kwenye chekundu. Ilipogonga chini ya mtungi alishtuka kama aliyeitwa jina.

Mauza akapata thelathini na tano, Zeina thelathini na nne.

Na leo ni Jumamosi ya pili tangu kura ile, na barazani wanamngoja.

Alijitanda kanga, gazeti akalikunja chini ya kwapa. Mtaa ulikuwa ule ule, wachukuzi wakipita na magunia kutoka sokoni wakipiga kelele "Mgongo! Mgongo!" wapishwe njia, lakini kila mlango alioupita sauti zilishuka. Habari ilikuwa imemtangulia. Wanaume waliisoma tangu asubuhi. Mume mmoja alikwisha mkataza mkewe asikanyage tena chamani. Mwingine alisema mambo yakifika bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, sanduku litachukuliwa na chama kitafungwa.

*Naweza kuiruka habari hii,* alijiambia. *Nisome bei ya kopra, nisome dawa ya tumbo.* Lakini walikwisha jua. *Au nisome, halafu nitaje nane, ninyamaze.* Hapo mtoto alicheza tumboni, akasimama kidogo kushika ukuta.

Baraza ilijaa mpaka ngazini. Bi Mauza alikaa kwenye mkeka wake, ufunguo shingoni. Zeina alikaa mbali naye, uso umekunjamana.

"Shikamoo Bi Mauza. Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," alijibu Mauza. Wengine walijibu kwa kuchelewa. "Soma, mama Leo. Tusomee kama siku zote."

Akasoma. Sauti ilimtoka nyembamba. Alipofika "aulizwe mhesabu" mstari ukamcheza machoni, akaurudia. Alipomaliza, Azza ndiye aliyepasuka kwanza.

"Ziliingia kwa miguu yao! Huyu Sadalla ana adabu gani? Mwanamume mzima kasimama kibarazani anahesabu wake za watu!"

"Shemeji yako huyo, Zeina," mwingine akarusha. "Umemtuma wewe."

"Sikumtuma!" Zeina akainuka nusu. "Na hata kama ni shemeji yangu, jibuni alichouliza. Tisa zilitoka wapi?"

Candida akawatajia. Wajane watatu kwa majina, wazazi wanne, na yule wa mguu. Walioleta shanga zao walikuwa hapo hapo, kila mmoja akaitika: mimi, na mimi, nililetewa na mwanawe, naam. Azza alikunja vidole.

"Nane," akasema. Akahesabu tena. "Nane, jamani."

Kisha Azza akapiga kofi la paja, akacheka.

"Si Sadalla huyo! Kahesabu mabuibui! Yote meusi, yote yanatembea! Atajuaje aliyeingia na aliyetoka kwenda kunyonyesha akarudi? Mmoja kampotea!"

"Yule hata magunia ya ghalani humpotea!"

Kicheko kikalipuka, kicheko cha watu walioshikwa na hofu tangu asubuhi wakapata pa kuitua. Bi Mauza akafuta machozi. Hata Zeina alitabasamu kidogo, halafu akamgeukia Candida, na uso wake ukawa wa mtu anayeomba kuliko wa anayegomba.

"Mimi nimechoka na maneno, dada yangu. Nyumbani hakukaliki. Wewe ndiye uliyekuwa mhesabu, na hujatusomea uongo hata siku moja. Sema kwamba Sadalla kakosea, na mimi nitakwenda kumpa Bi Mauza mkono sasa hivi, mbele ya wote. Sema tu."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja! Gazeti lilidanganya, lilitaja wezi tisa pasipo na mwizi, na yeye akisema kweli, uongo wa Sadalla utavaa nguo za ukweli. Akilitamka neno lile, Mauza angekaa na ufunguo, na neno la marehemu lingetimia. Na akisema kweli? Wangemfukuza. Akifa katika uzazi huu, nani atamkalia mkeka? Candida aliwaza yote hayo katika muda wa kumeza mate.

"Sadalla hakukosea," akasema.

Wakadhani hawakusikia.

"Ya tisa ni ya Bi Sitara. Alinipa Alhamisi. Nimeitia mimi, kwenye chekundu." Akaliweka gazeti chini. "Aliniambia nisipoitia tutaonana. Niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Mmoja nyuma akasema polepole, "Inna lillahi," kama vile Bi Sitara amekufa upya. Mwingine, mtu mzima, akanong'ona kuwa amana ya maiti hurudishwa kwa mwenyewe, na akajibiwa kwamba maiti hana chama. Azza alisimama mbele ya Candida, pua zimemtanuka.

"Nilikuuliza! Nilikuuliza kwa kinywa changu, iko wapi shanga ya marehemu. Ukanitazama machoni! Tumekupikia, tumekulilia mtoto. Leo umetuvua nguo mbele ya mji mzima."

"Azza, keti," alisema Bi Mauza. Aliinamisha kichwa, akauvua ufunguo, kamba ikamnasa kwenye mtandio, akahangaika nayo. Akauweka chini kwenye mkeka. "Ukiiondoa hiyo, tuko sawa sawa mimi na Zeina. Mimi siwezi kushika sanduku kwa kura ya mtu niliyemfunga sanda kwa mikono yangu. Tupige upya Ijumaa. Na mitungi asiiguse mama Leo."

"Na uanachama wake?" Azza akauliza.

Mauza hakumtazama Candida. "Hilo tutalisema baadaye."

Candida alikwenda mwenyewe ghalani kwa Sadalla Jumatatu, barua ya kwenda gazetini mkononi, kaiandika kwa ukamilifu: shanga za eda, za arobaini, ya mguu, na ile moja na namna alivyoitia. Sadalla aliisoma akiwa amekaa juu ya gunia, akikuna kidevu kwa penseli.

"Ndefu hii," alisema. "Mambo ya eda watu hawayasomi. Wataikata."

"Wasikate, kaka yangu. Bila hizo nane watu watadhani zote tisa ni za wizi."

"Mimi nitaipeleka. Mwenye mkasi si mimi." Akaitazama tena pale chini penye sahihi. "Jina lako libaki?"

Candida akaegemea mizani. "Libaki hapo hapo," alisema.

Ijumaa walipiga kura. Candida hakupewa shanga. Alikaa uani karibu na kuni, akisikia miguu ikiingia na kutoka, na hakuna aliyemletea hata maji. Zeina alipata ufunguo kwa kuzidi kura mbili.

Kesho yake alasiri alidhani hataitwa. Lakini gazeti lilifika, na gazeti lisilosomwa ni karatasi tu. Zeina alimtuma mtu akamwite. Candida alipokaa, waliokuwa karibu naye walisogea, na hakujua kama wamempa nafasi au wamemwepuka. Alilikunjua, akaitafuta, akaiona. Barua yote ilikuwa imebaki mistari minne. Hakuna mjane, hakuna mzazi, hakuna mguu. Juu yake, kwa herufi nene, waliweka kichwa cha habari.

Aliyatazama yale maneno. Pande zote za mkeka wanawake walikuwa wakiyatazama pia, na kwao yalikuwa michoro myeusi tu. Angesema lolote wangeitika. Azza alikunja mikono kifuani, akimwangalia midomo.

Candida akakohoa. "*Mwizi wa kura akiri,*" akasoma. Kisha akasoma jina lake, na jina la mtaa, na mistari yote minne mpaka nukta.

Mchukuzi alipita mtaani na mzigo wake. Mwishowe Zeina akasogeza kibao chake mbele kidogo.

"Na zile nane? Hawakuziandika?"

"Hawakuziandika."

"Hata moja?"

"Hata moja, dada."

Zeina alimtazama Azza, Azza akatazama ukuta. "Basi leta kalamu," alisema Zeina. "Tutaandika tena, na safari hii tutatia majina yetu sote. Wewe andika, sisi tutataja."