Kamera Iliyotazama Tangi

Tela lililonivunja nyonga lilikuwa linarudi nyuma taratibu kabisa. Watu wakiniona nachechemea hudhani niligongwa barabarani na gari lililokuwa mbio. Hapana. Nilibanwa mchana kweupe, ndani ya yadi yetu upande wa Nyegezi, kati ya tela na jabali, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namwelekeza dereva.

Nilikuwa utingo. Dereva wa tela akirudi nyuma haoni kitu. Likishapinda kidogo, vioo vya pembeni vinamwonyesha ubavu wa mzigo basi. Kwa hiyo utingo anasimama nyuma na kusema kwa mkono: makofi mawili kwenye bodi, rudi, kofi moja, simama. Yadi yenyewe imebanwa na majabali kama ilivyo nusu ya mji huu, na ghala la mashudu liko kwenye kona ambayo sijui nani aliichagua. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilipiga kofi langu moja, kisha nikapiga kelele. Dereva hakusikia mpaka wapakiaji walipomkimbilia mlangoni. Simlaumu. Alilia kuliko mimi.

Bosi alikuja hospitali na machungwa. Alimkuta mama yangu amekaa kando ya kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Mama, jambo hili halitatokea tena. Nitafunga kamera nyuma ya kila tela. Dereva atakuwa anaona kila kitu pale mbele yake, kama anaangalia televisheni."

Mama alimshika mikono yote miwili akamwombea baraka. Nami, chuma kikiwa kwenye nyonga, nilifarijika. Nilijiona kama mtu aliyeumia kwa faida ya wenzake. Ujinga mtupu.

Nilipoweza kutembea nilipewa kazi ya kulinda geti. Nafasi yangu nyuma ya tela akaichukua mdogo wangu, mtu mzima mwenye mke na mapacha. Kwetu ndivyo kazi inavyokwenda: mmoja akianguka, ndugu yake anashika. Mama ndiye aliyemwombea kwa bosi. Hakuona ubaya, maana kamera zilikuwa zinakuja.

Zikaja kweli. Fundi alizifunga asubuhi moja, nami nikajikongoja na fimbo yangu kwenda kutazama. Nilimkuta amechuchumaa ubavuni mwa gari, anakaza kamera ikilitazama tangi la mafuta.

"Fundi, hiyo si ya nyuma?"

"Nyuma hakuna kitu, kaka. Bosi anataka tangi tu. Picha inaenda kwenye simu yake."

"Na dereva je?"

"Dereva aone nini?"

Jioni nilimsubiri bosi getini nikamkumbusha aliyomwahidi mama. Ahadi ni deni, nilimwambia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema mafuta yanaibiwa kila safari, kwanza aizibe hasara hiyo, za nyuma atazifikiria. Halafu akaniambia, huku akipandisha kioo, "Mwambie mdogo wako awe makini."

Eti awe makini. Mimi nilikuwa makini.

Tangu hapo sikuwa na raha. Kila tela lilipoanza kurudi kwenye lile ghala nilisimama getini nikiutafuta mkono wa mdogo wangu kwa macho. Siku za safari ya Kamanga, ambako tela lilipanda kivuko kinyumenyume naye akiwa amesimama nyuma yake, sikugusa chakula mpaka apige simu. Nilimsihi atafute kazi nyingine, hata ya kupara samaki. Alinicheka. "Kaka, wewe ilikuwa bahati mbaya tu."

Kisha kamera ikamnasa. Asubuhi moja kabla ya safari aliitundikia kitambaa, akaanza kunyonya dizeli kwenye dumu. Upepo wa ziwa ukakiondoa kitambaa. Bosi alimfukuza papo hapo, mbele ya wapakiaji, akizungusha simu ili kila mtu aone. Picha ilikuwa safi kabisa. Ungeweza kuona kucha za mdogo wangu. Nikawaza, jicho kama hilo lingekuwa nyuma ya tela siku ile ya mvua, dereva angeniona nikiwa bado na nafasi ya kupumua.

Nyumbani ilikuwa kama msiba. Mama hakwenda kanisani Jumapili hiyo kwa aibu, na shemeji yangu alipakua chakula huku akifuta machozi. Mimi nilikaa katikati yao, nikavuta sahani ya ugali na sato, nikala nikashiba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia yeyote. Mdogo wangu alikuwa mwizi, lakini alikuwa mwizi mwenye miguu yote miwili. Nilimshukuru Mungu. Lakini nilipofikiri kwamba inanibidi kuishukuru na ile kamera, nilisikia hasira hadi kwenye nyonga.

Jumatatu alikuja utingo mpya, mwanamume mpole, begi mgongoni. Alinisalimia kwa heshima, akaiangalia fimbo yangu, akauliza yaliyonipata. Nikamweleza: tela, jabali, mvua.

"Pole sana kaka," alisema. "Ila sasa nasikia mmefungiwa kamera."

Nikamjibu kwamba zipo, na zinaona vizuri sana. Kisha nikamfungulia geti.