Betri za Redio ya Baba

Julai ya Nairobi haina adabu. Baridi huingia kwenye nyumba zetu za mawe bila hodi, na mwaka huu ilimkuta mama yangu na jiko bovu. Jiko lenyewe alilitengeneza baba: pipa dogo linalokula vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa Gikomba, bomba la moshi likitokea dirishani, na chini yake feni yenye mota aliyoing'oa kwenye gari kuukuu. Mama hakutaka hita ya dukani. Alitaka ule mvumo. Alisema feni ikivuma husahau kidogo kwamba baba hayupo, na mimi sikumwambia kwamba nami huwa hivyo hivyo.

Fundi mmoja alikuwa ameshatuambia tununue mota mpya. Jumamosi nikaenda kuitazama mwenyewe, kwa kiburi tu, maana tangu nikiwa msichana mdogo mimi ndiye niliyemshikia baba tochi. Betri ya pikipiki inayoiendesha ilikuwa nzima, iliwasha balbu. Nyaya zilikuwa sawa. Panga za feni zilizunguka vizuri kwa kidole. Nikaigonga mota kwa mwiko, ikazunguka mara mbili, ikanyamaza. Hapo nikajua kaboni zimeisha, yale makaa mawili madogo yanayopitisha umeme ndani yake.

Nilipoifungua niliona kaboni hazikuwa za dukani. Baba alizichonga kwa tupa kutoka kwenye kile kijiti cheusi kilicho katikati ya betri za redio zilizokwisha. Kumbe ndiyo sababu aliweka mkebe mzima wa betri kuukuu chini ya kitanda. Na mkebe ule niliutupa mimi, wiki moja baada ya mazishi, nikijiona nasafisha nyumba. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nikamwambia Mama nitashuka sokoni Muthurwa nikatafute kaboni nyingine. Alisimama, akaitoa juu ya kabati redio ya baba, ambayo tangu afariki haijaguswa ila kwa kitambaa cha kupangusia. Akaigeuza, akaifungua mgongo. Betri nne, zote zimeota kutu.

"Mama, si hizo," nikasema. "Hizo aliziweka yeye."

"Najua ni nani aliziweka," akasema. "Chonga."

Nilichongea mlangoni, vidole vikawa vyeusi kama vya baba. Kijiti cha kwanza nilikivunja, kwa haraka zangu. Yeye angenicheka kwanza, kisha anishike mkono. Saa kumi jioni nikaunganisha nyaya, na mota ikavuma.

Mama alivuta kiti akakaa karibu, amefumba macho. Baadaye aliirudisha redio juu ya kabati, bila betri. Betri moja ilikuwa imebaki. Aliitia kwenye mkebe wa majani chai, akausukuma chini ya kitanda, upande wa baba.