Besi ya Mto Tana

Mimi hutengeneza muziki wa kulalia: sauti laini za kompyuta zinazoelea juu ya maji. Msikilizaji mmoja aliniandikia kwamba maji yangu yananuka bomba. Nilikasirika, kisha nikakubali, maana nilikuwa nikirekodi bafuni. Nikafunga safari kwenda Tana.

Garsen, stendi nzima ilizungumzia mto tu. Wafugaji Waorma walikuwa wameshaondoa ng'ombe mabondeni. "Huko juu mvua imepiga," mwuza chai akaniambia. "Wewe unafuata nini?" Nilipojibu nafuata sauti ya maji, akamwita mwenzake aje anitazame.

Kijijini Wenje nilipokewa na Mama Komora, mkulima Mpokomo. Shamba lake lilikuwa ukingoni kabisa, na mto ulikuwa unalimega kwa chini. Alikuwa akivuna mahindi mabichi hivyo hivyo, kabla mto haujayachukua. Heri nusu shari kuliko shari kamili. "Rekodi, mwanangu, lakini usikae sana," alisema.

Pale ukingoni nilizamisha maikrofoni ya majini, nikavaa hedifoni. Lo! Maji yalinong'ona, kisha ikaja besi: du... du... nzito, tamu, ya kuingia kifuani. Nikafumba macho, nikaongeza sauti.

Kitu kikanigonga mgongoni. Hindi bichi. Jingine likanipata kisogoni. Niligeuka nimefura. Mama Komora alikuwa akipiga kelele nisizozisikia, na kati yetu ardhi ilikuwa imepasuka, ufa unapanuka. Asingeweza kunijia; uzito wake ungetuangusha sote. Nikavua hedifoni.

"Lala! Tambaa! Acha waya!"

Nilitambaa nikilia, sifichi. Alinidaka mkono ufa ukiwa chini ya tumbo langu. Nyuma yetu kipande kile kilishuka mtoni, na mahindi yote ambayo alikuwa hajayavuna. Mashine ya kurekodia ilibaki shingoni mwangu, maikrofoni ilikwenda.

Asubuhi ya kurudi, Mama Komora aliomba asikie. Nikamvisha hedifoni. Du. Akainua kidole. "Hapo ni migomba yangu ikienda." Du. "Hapo mihogo." Baadaye akazivua.

"Hii unaipeleka wapi?"

"Kwa watu, Mama. Huwa wanaulalia, muziki wangu."

"Walalie shamba langu?"

Aibu ilinishika. Nikapeleka kidole nifute. Akanikamata mkono, kwa nguvu ile ile ya jana.

"Usifute we! Ndilo shamba nililobaki nalo."

Nikamwekea sauti hiyo kwenye simu yake, nikapanda gari la Garsen. Nimejifunza kutofumba macho mbele ya maji.