Kopo la Mkorogo Sokoni Tukuyu

Dada yangu alichuma chai tangu ujana wake, na weusi wake ulikuwa wa kuvutia. Mwanamke mwenye duka la vipodozi sokoni Tukuyu, aliyeimba naye kwaya, ndiye aliyemshawishi kwamba haupendezi. Akamuuzia mkorogo wa kung'arisha ngozi aliouchanganya mwenyewe na kuutia kwenye makopo yasiyo na nembo. Dada alipaka kwa miaka, kila asubuhi, kisha akaingia shambani uso wazi. Sisi wa Rungwe tukiona ukungu na mvua tunadhani hatuna jua.

Kidonda kikatoka shavuni, kidogo kama punje ya ulezi. Hakikupona. Hospitalini wakakata kinyama wakakipima: saratani ya ngozi. Daktari alisema hawezi kuapa ni mkorogo peke yake, ila ulikuwa umeichubua ngozi ikabaki haina kinga, na jua likapata njia. Wakaondoa sehemu ya shavu na kipande cha pua.

Nilikwenda dukani. "Mama, umeona ulichomfanyia dada?"

Aliendelea kupanga makopo. "Kwani nilimlazimisha? Wenzake wanapaka na wanang'aa."

Basi nikahamishia meza yangu ya ndizi mbele ya mlango wake. Dada alikubali nimpige picha bila bandeji, na kila aliyetaka kuingia nilimwonyesha simu. "Huyu alinunua humu," nilisema. Yule mama alinitukana, akamwita mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti aliitazama picha, akaondoka zake. Wateja wakakatika hadi duka likafungwa. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Wakati wa masika yule mama akaja nyumbani, kajitanda khanga. Alipoifunua niliona jeraha bichi karibu na sikio; kumbe naye alijipaka mkorogo wake.

"Mdogo wangu, mlitibiwa wapi?"

Niliendelea kumenya ndizi. Nilitaka aulize tena, aombe. Dada akajibu kutoka jikoni, akamwelekeza hospitali mpaka mlango wa kuingilia, kisha akamkaribisha chai.

Alipoondoka nilimgeukia dada kwa hasira. "Yule ndiye wa kumpa chai?"

"Nimechoka kumbeba moyoni," akasema.

Mimi sijachoka. Yule mama aliwahi matibabu, akapona, na sasa anauza vitenge. Akipita mbele yangu namkazia macho mpaka anainamisha uso, na sijisikii vibaya hata kidogo.