Siku Mama Mapendo Aliposimama Kando Yangu

Ninaikumbuka Jumapili moja, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Misa ilikuwa imekwisha, jua limetoka baada ya mvua, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa kanisa, kijana wa miaka ishirini na sita, nikiwaambia wazee wangu wote wauze hisa zao.

Nakueleza haya kwa sababu jana nilikusikia. Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, simu mkononi, ukibishana na wenzako wa Goma kuhusu ile kampuni yenu ya kukodisha magari. Inayumba, kumbe. Mmoja anasema uzeni, mwingine anasema subirini, na wewe unawajibu wote kwa sauti kubwa mpaka kuku wakatoka mbio jikoni. Usikasirike. Sikutega sikio kwa makusudi, lakini nyumba yangu ni ndogo na sauti hiyo umeirithi kwangu.

Sisi pia tulikuwa na kampuni. Cheka tu, sikukatazi. Familia kumi na mbili za mlima huu wa Masisi, walima maharage na mihogo, tuliweka mavuno pamoja misimu kadhaa, tukapata gari tatu za kupanda milima. Tukaiita kampuni Tufike. Tulizikodisha gari hizo kwa wafanyabiashara, kwa masista, kwa watu wa kupeleka dawa, kwa yeyote aliyetaka kufika mahali ambapo hata pikipiki inakata tamaa. Kila familia ilikuwa na hisa yake, karatasi moja yenye muhuri, na karatasi hiyo tuliiweka ndani ya Biblia, kwa maana hatukuwa na mahali pengine pa heshima.

Hisa moja ilikuwa ya Mama Mapendo. Huyo ndiye aliyenishika siku ya ubatizo wangu. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali, ambaye hakuweza kukuona umepita mlangoni kwake bila kukupa kitu cha kutafuna. Kila muhula hisa ile ndiyo iliyomlipia binti yake Riziki masomo ya uuguzi kule Goma. Hakuwa na njia nyingine. Hisa ikikauka, Riziki anarudi kushika jembe, na mlima mzima ulilijua hilo.

Basi mambo yakaharibika. Gari ya kwanza iliungua mashine. Ya pili, aliyeikodi aliitumbukiza korongoni, na tukamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Ya tatu, ile nzuri, ilikwenda Walikale na dereva wetu Papa Sadiki, na haikurudi. Majuma matano, kimya. Tulisikia tu kwamba imekwama upande wa Itebero, ndani ya msitu. Katikati ya wasiwasi huo akatokea mfanyabiashara mmoja wa Hombo, mtu mpole, kofia kichwani, akasema yuko tayari kuchukua hisa ya yeyote aliyechoka. Kwa bei ndogo, bila shaka.

Mimi nilikuwa nimesoma mambo ya biashara Goma miaka miwili, kisha nikaacha. Miaka miwili tu! Lakini ungeniona nilivyokuwa natembea, kalamu mbili mfukoni mwa shati, Kifaransa nawasemesha hata mbuzi. Watu walikuwa wanangoja nifungue mdomo, au mimi nilidhani wanangoja.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ninyi hamuijui tena. Katika kikao cha baada ya misa hatukuwa tunainua mikono. Mtu alisema neno lake, akabaki amesimama, na aliyekubaliana naye aliinuka kwenye benchi akaenda kusimama kando yake, mbele ya wote. Aliyekwisha simama hakurudi kukaa. Alikuwa ametoa neno lake, na alipaswa kulifuata. Na msemaji aliyebaki peke yake mpaka mwisho, hakuna aliyemcheka palepale, ila mwaka mzima hakuna mtu angemwendea kwa shauri lolote.

Nikasema. Nikawaambia ile gari ya tatu imekufa, mashine imemalizika, kampuni haina maisha, mwenye akili auze leo hii. Mzee mmoja akaniuliza, "Mutoto, we uliiona na macho?" Nikamjibu kwamba biashara haitaki macho, inataka akili. Aibu gani hiyo, mwanangu! Na kulikuwa na jambo jingine nililolimeza. Karatasi yangu mwenyewe, ile baba yangu aliyoniachia, sikuwa na mpango wa kuiuza siku ile. Nilitaka wengine watangulie, nibaki wa mwisho, nimbane yule wa Hombo anipe bei nzuri zaidi.

Nikamaliza. Nikasimama. Hakuna aliyeinuka.

Nyuma ya kanisa watoto walikuwa wanacheza mpira, na nilisikia kila teke. Shati likanigandia mgongoni. Wazee walitazama viatu vyao kwa upole, wakinionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. Kisha Mama Mapendo akainuka. Akakaza kitenge chake, akavuka uwanja taratibu akikwepa madimbwi, akaja kusimama kando yangu. Nikapumua. Nilijiambia: huyu mama ana akili, amenielewa.

Ni yeye peke yake aliyekuja. Wiki ileile aliuza hisa yake kwa yule mtu wa Hombo, na mimi ndiye niliyetia sahihi kama shahidi.

Wazee hawakunigombeza. Waliniambia tu, "We unasema gari imekufa. Basi enda, utuletee habari ya kilio." Nikapanda pikipiki mpaka Walikale, kutoka hapo nikapata lori la mizigo, lori nalo likakwama, nikatembea kwa miguu siku mbili kuelekea Itebero, matope mpaka magotini, viatu nimevining'iniza shingoni. Kalamu zangu sijui ziliangukia wapi.

Nilimkuta Papa Sadiki amekaa kwenye gogo kando ya mto, anakula muhogo wa kuchemsha. Nyuma yake gari yetu, imefunikwa vizuri kwa turubai na majani ya migomba, imeoshwa mpaka vioo vinang'aa.

"Papa, hii gari ilikufa lini?" nikamuuliza.

"Kufa?" Aliacha kutafuna. "Nani alikuambia ilikufa?" Akaingia ndani, akageuza ufunguo, na mashine ikaitika mara moja. "Gari haina ugonjwa, mutoto yangu. Daraja njo ilianguka. Angalia bantu wanafanya salongo pale. Wakimaliza, tunapita."

Nikaangalia. Kijiji kizima kilikuwa kwenye kazi ya pamoja, wanaume wanaburuta magogo, akina mama wanabeba mawe, na daraja limebakiza kidogo tu. Nikamuuliza Papa Sadiki analala wapi. Akaonyesha kiti cha nyuma. Majuma yote yale alilala humo, na wenyeji walimpa chakula. "Nitaiacha namna gani?" akasema. "Hii iko maharage ya bantu wa mulima."

Nilikwenda nyuma ya gari nikalia. Sikulia kwa furaha.

Daraja lilipokamilika nilimsihi Papa Sadiki tupite kwanza Hombo kwa yule mfanyabiashara. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Nilipomwomba arudishe hisa ya mjane, akafungua kabati, akaleta karatasi, akaniwekea mbele. "Kijana, nilinunua kwa haki. Hii sahihi haiko yako?" Ilikuwa yangu, kubwa, na mkia mrefu wa mapambo. Mpaka leo simlaumu.

Nikarudi mlimani. Riziki alikuwa amekwisha rudi na godoro lake. Nilimwona kwa mbali shambani, ameinama, na jembe halijamzoea. Mama yake alikuwa uani, anachagua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: gari ni nzima, sikuwa nimeiona, na karatasi yangu mwenyewe niliificha nyumbani wakati nikimwambia yeye auze. Hakuinua macho. Akaendelea kutoa mawe madogo na kuyatupa pembeni.

"Mama, kwa nini uliniamini?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nani alikuambia nilikuamini? Mimi niko mujinga? Nilijua ile siku hauelewi kitu. Kifaransa yote ile, we ulikuwa unatetemeka."

"Sasa kwa nini ulikuja kusimama?"

"Ju ulikuwa peke yako," akasema. "Bantu wote wamekaa, we umesimama, jasho inatoka. Mimi njo nilikubeba mbele ya Mungu, ukiwa unalia vile vile. Ningekuacha pale? Nilisema, mutoto wangu asipate haya. Ya hisa, Mungu ataona."

Mwanangu, nimefiwa na wazazi, nimekimbia nyumba yangu mara mbili, nimezika rafiki. Lakini sijawahi kuumia kama siku ile kwenye ua wa Mama Mapendo. Nilikuwa nimetembea majuma yale yote nikidhani maneno yangu yalimdanganya. Hata hayakumfikia! Alimtoa binti yake shuleni ili mimi nisione aibu mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikijisifu kwamba nimeeleweka.

Nilikwenda nyumbani nikaleta karatasi yangu. Nilitegemea atakataa, anisamehe kwa maneno, twende hivyo. Thubutu! Akajifuta mikono, akaipokea. "Lete. Siwezi kukataa, mutoto eko shambani." Kisha akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitazama mpaka nikamaliza. Muhula uliofuata Riziki alirudi Goma. Unamjua Riziki. Ni yule bibi mnene wa kituo cha afya, ndiye aliyekukata kitovu.

Na kampuni? Iliamka, ikatembea miaka michache, kisha ikafa kweli, kwa sababu nyingine kabisa ambazo hakuna aliyezitaja kwenye kikao chetu. Waliosema iuzwe hawakujua. Waliosema ingojwe hawakujua pia. Kwa hiyo usidhani nimekuita hapa nikuambie mngoje, wala siwaambii muuze. Mimi gari zenu sijaziona.

Ninalokuambia ni hili. Kabla hujawaambia watu wafanye nini na mali yao, nenda ukaone kitu chenyewe, hata kama njia ni mbaya. Ukirudi, waambie kwanza wewe mwenyewe hisa yako unaifanya nini. Na pale usipojua, sema sijui, hakuna atakayekupiga. Kwa sababu katika hao wote wanaobishana nawe, yuko mmoja ambaye hasikilizi hoja zako kabisa. Huenda ni dada yako, huenda ni rafiki wa utotoni, huenda ni yule mama anayekuandikia kila asubuhi kukuuliza kama umekula. Huyo anakutazama wewe tu. Ukionekana uko peke yako atainuka, atatoa alichonacho, na hatakuambia sababu. Mfikirie huyo kabla hujafungua mdomo, maana ndiye atakayelipia maneno yako.

Sogea hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe ulimi mpole na miguu isiyochoka kwenda kuona. Akulinde njiani, akulindie na wenzako, na wale wanaokupenda kuliko unavyostahili awape maisha marefu, upate muda wa kuwatendea mema. Amina, mwanangu.