Ringi Niliyoichagua Mwenyewe

Mtu akinambia tena kuwa ilikuwa kadari, nitamjibu vibaya. Nimeshawajibu vibaya watu wazima wawili, mmoja wao imamu. Kadari naiamini. Lakini siku ile dukani, mjini Chake, nilipoulizwa nataka pikipiki yenye ringi za spoku au za aloi, aliyenyoosha kidole ni mimi. Na ile methali ya asiyesikia la mkuu msinitajie pia. Guu langu zima, kilichovunjika ni kingine.

Mimi ni bwana shamba, nimepangiwa Shumba, kazi yangu kukagua mikarafuu. Njia za huko ni mawe na mizizi, kwa hivyo nilitaka pikipiki ndefu ya safari, inayopita lami na pori. Dukani zilikuwapo mbili, aina moja, rangi moja. Tofauti ilikuwa magurudumu tu. Moja ilikuwa na spoku, njiti nyembamba kama za baskeli. Nyengine ilikuwa na ringi za aloi zilizomiminwa kipande kimoja, mikono mitano minene, nyeusi, zinang'aa. Muuzaji alinieleza kuwa hizo hazitaki tyubu: ukichomwa na msumari unaziba tundu hapo hapo na kuendelea na safari. Ni kweli, na ndiyo sababu niliyokuwa nikiwapa watu. Sababu yenyewe ni kwamba zilinipendeza, na spoku niliziona za kimaskini.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Kisiwa Panza, alinionya mapema. Mumewe alikuwa fundi baskeli, na kazi ya kunyoosha ringi alimwachia yeye. Bibi aliigeuza baskeli juu chini, akazungusha gurudumu, akagonga spoku moja moja kwa kijiko na kusikiliza. Iliyolegea aliijua kwa mlio. Nilipokwenda kumwambia nataka kununua pikipiki sikumuomba ushauri, akautoa vivyo hivyo.

"Chukua la njiti," alisema. "La njiti likiumwa hukwambia. Njiti moja hulegea, ukaikaza, ukenda zako. Hilo jengine hunyamaza mpaka siku ya kufa kwake."

"Bibi, hayo ya zama zako."

"Zama zangu nilikuwa nikifika nendako."

Siku hiyo hiyo akaniomba jambo. "Siku n'takapokufa, weye ndo ushuke mwanandani unipokee. Mjombao mgongo hana." Mwanandani ni ule ubavu wa kaburi anamolazwa maiti, na mwanamke hupokewa na wanaume wake wa karibu. Wa damu yake tuliobaki ni mjomba na mimi. Nikamwambia inshallah, nitashuka. Niliahidi kwa kinywa changu, nimeshika mkono wake.

Alikufa alfajiri. Mjomba akanipigia: maziko baada ya adhuhuri, lakini wahi boti ya kuvukia kisiwani, hapo Chokocho, kabla maji hayajapwa. Niliondoka Shumba mapema, muda ulikuwa tele. Kabla ya kufika Chake, pahala lami imemegeka, gurudumu la mbele likaingia shimoni. Lilikuwa shimo la kawaida, nimeshaingia makubwa kuliko hilo. Upepo ukatoka wote. Nikatoa vifaa vyangu vya kuzibia, vile nilivyojivunia, nikatafuta tundu la kuziba, hakuna. Tairi zima. Ringi ndiyo iliyokuwa na ufa, mrefu kama kidole.

Nikaisukuma hadi kwa fundi baskeli aliyekuwa karibu. Akaitazama mara moja tu.

"Ingekuwa ya spoku ningeshakwisha," alisema. "Hii hapa kwetu hachomelei mtu. Iwache, wende zako."

"Ipake gundi ya chuma."

Akapaka. Tukangoja ikauke, akajaza upepo, ukatoka. Nikamwambia arudie. Gari ya abiria ikasimama, utingo akaniita nipande, nafasi ipo. Nikamkatalia kwa mkono. Nilikuwa na hasira na fundi, na shimo, na waliotengeneza lami, na utingo aliyenihurumia. Mjomba akapiga simu, nikaizima. Nilijua ataniuliza nimekwama na nini, na pale msibani wote walijua nilivyomcheka bibi. Sikutaka wasikie. Basi nikakaa kwenye benchi la fundi kungoja gundi ya mara ya tatu ikauke, na bibi yangu anaoshwa.

Ilipoadhiniwa adhuhuri ndipo akili iliponirudia. Nikaiacha pikipiki, nikachukua bodaboda mpaka Chokocho. Maji yamekupwa. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia topeni mpaka pale boti ilipokuwa ikielea, nikimgombeza nahodha kana kwamba maji ameyapwesha yeye. Nilipofika Panza watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Kaburi lake lilikuwa limeshamwagiwa maji.

Mjomba alikuwa amekaa chini, mkono mmoja kiunoni, udongo mpaka viwikoni. Alishuka yeye. Walimpandisha watu wawili kwa kumshika makwapani, na mpaka leo anatembea ameinama.

"Tulikungoja," aliniambia. "Tumemueka pembeni ya kaburi, kila boti ikilia nasema ndo yeye huyo. Mwisho imamu akasema basi. Nikakupigia tena, simu haiendi."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, ningelipokea na kumshukuru, na hata leo nikimuona na mkongojo wake nalitaka tusi hilo. Yeye alinitazama miguu iliyojaa tope, akatazama huko pwani nilikotoka, akakisia kuwa ni pikipiki iliyonikwamisha, akaniuliza kwa huruma kabisa:

"Na chombo chako, mwanangu? Kimepona?"

Nikamjibu kuwa bado.